Namba *99# haipigiwi mtu

"Shikamoo mtaalamu. Nina steshenari ndogo huku Chanika, na kompyuta moja ya mezani ya zamani yenye Windows 10. Nimenunua modemu ya Huawei iliyotumika pale Kariakoo, hizi za kuchomeka, juu imeandikwa 7.2 Mbps. Programu yake inagoma kufunguka. Fundi wa jirani kaniambia niachane nayo, akanitengenezea 'Dial-up' ambayo nikibofya 'Connect' inapiga *99#. Sasa nina hofu. Ikipiga namba si itakula salio langu kila dakika kama simu? Nilishasikia intaneti ya kupiga ilikuwa inafilisi watu. Halafu hiyo si ndiyo ile ya kizamani ya polepole? Na yenyewe hata haiungani: inahangaika kidogo inaleta Error 628. Fundi alipoweka laini yake, ya mtandao mwingine, iliungana, ila ukurasa wa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, ukaleta onyo lenye alama nyekundu, haukufunguka. Kwa laini yangu, taa ya modemu inawaka kijani mara moja, inazima, baada ya muda inawaka tena. Bando lipo, GB 5. Msimu wa fomu za mikopo ya vyuo ndio huu na wateja wananikimbia. Nifanyeje, au ninunue ruta?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwanza kwa kueleza taa inavyowaka. Wengi wananiandikia "modemu haifanyi kazi", basi, kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha ananyamaza. Wewe umenipa karibu jibu lote bila kujua.

Nianze na salio, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. *99# haipigiwi mtu. Hakuna anayepokea upande wa pili wala dakika zinazohesabiwa. Namba yenyewe haitoki hata mezani kwako: inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye modemu, inaishia hapo. Kinachokatwa ni MB za bando lako, kama unavyokatwa ukiperuzi kwenye simu. Ukiunganishwa saa nzima bila kufungua wala kupakua kitu, kinachokwenda ni kidogo sana. Ila kwa Windows hayo maneno "bila kupakua kitu" yana walakini, nitayarudia.

Ulichosikia kuhusu watu kufilisika si uzushi, ni habari ya waya mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kijana wa kazi kwenye ofisi moja pale Posta, na intaneti ya ofisi nzima ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Modemu ilipiga namba ya kampuni ya intaneti kweli kweli, modemu nyingine huko ikapokea, zikapigiana kelele kama debe linaloburutwa sakafuni, ndipo mkaunganishwa. Simu ilikuwa hewani muda wote, kwa hiyo dakika zilihesabiwa muda wote. Bosi akiinua mkonga ghorofani ampigie mkewe, barua pepe za watu zinakatikia njiani. Kasi ya juu kabisa ya mtindo ule ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, kwa sababu njia ile ilijengwa kubeba sauti ya mtu.

Kwa nini basi kimodemu chako cha laini bado kinajifanya simu? Ni urithi. Mwaka 1981 kampuni ya Mmarekani Dennis Hayes ilitoa modemu iliyoelewa amri fupi za maandishi, karibu zote zikianza na herufi AT. Kompyuta ikiandika AT, modemu inajibu OK: hodi, karibu. Ikiandika ATD na namba, maana yake piga namba hiyo. Kompyuta za dunia nzima zikajua lugha hiyo. Miaka mingi baadaye zilipokuja modemu za laini, watengenezaji hawakuona sababu ya kuifundisha Windows lugha nyingine, wakaifanya modemu mpya ijibu kama ile ya zamani. Kompyuta inasema "piga *99#", modemu inaitikia kama imepiga, kumbe imeuomba tu mnara ufungue njia ya data. Siku ukikutana na *99***1# usishtuke, ni kitu kilekile: ile 1 inaiambia modemu itumie maelezo yaliyoandikwa kwenye nafasi ya kwanza ya kumbukumbu yake. Shika hilo neno kumbukumbu, maana ndiko tatizo lako liliko.

Na polepole? Kikomo cha kilobiti 56 kilikufa pamoja na ule waya. Njia yako ni mawimbi ya redio kati ya modemu na mnara, na kasi yako ni ya hiyo njia. Lakini na zile 7.2 Mbps zilizoandikwa juu usizitegemee. Huo ndio mwisho wa uwezo wa kifaa hali ikiwa nzuri kabisa, kama namba ya mwisho kwenye dashibodi ya daladala: imeandikwa, ila hakuna aliyewahi kuona mshale umefika. Hata kasi ambayo Windows inaonyesha ukishaunganishwa ni ya mlango kati ya kompyuta na modemu, haikuambii kitu kuhusu mnara.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa. Safari ya intaneti yako ina vipande vitatu: kompyuta hadi modemu, modemu hadi mnara, na mnara hadi intaneti yenyewe. Mafundi wengi wakikutana na kosa wanarukia kufuta Windows na kuweka upya. Ni kazi ya nusu siku kwa kosa ambalo pengine liko kwenye kipande cha tatu. Tutazame ushahidi wako kipande kwa kipande.

Cha kwanza kizima. Modemu mbovu, au kukosekana kwa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na modemu), kusingekuletea 628, ingegoma kabla. Ukitaka kuthibitisha, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows pale chini, chagua "Device Manager", fungua "Modems", bofya jina la modemu mara mbili, nenda "Diagnostics", kisha "Query Modem". Itatokea orodha ya amri na majibu. Ukiona majibu yanakuja, hodi inaitikiwa.

Cha pili taa yako imeshakijibu. Kwenye modemu nyingi za Huawei za aina hiyo, kijani ikikonyeza mara mbili mbili maana yake kifaa kina umeme lakini bado hakijapata mtandao. Kijani ikikonyeza mara moja moja, modemu imeshajisajili kwenye mnara, ila kwa 2G. Bluu ikikonyeza, imejisajili kwa 3G. Taa ikituama bila kuzima, umeunganishwa. Wewe umeandika kijani mara moja moja. Kwa hiyo laini yako imesomwa, mnara umeikubali, na modemu haijafungwa kwa mtandao mmoja, maana ingekuwa imefungwa isingejisajili kwa laini yako. Ubaya wake ni hiyo 2G, nitaifikia.

Cha tatu ndicho kilichokatika. Kosa 628 linasema upande wa pili umekata kabla muungano haujakamilika. Kompyuta iliomba, modemu ikakubali, mnara ukaulizwa njia ya data, ukakataa. Sababu inayoongoza ni APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wako. Kila mtandao una jina lake, na jina hilo linakaa kwenye ile kumbukumbu ya modemu niliyokuambia uishike. Modemu yako imetumika: mwenyewe wa kwanza aliacha jina la lango la mtandao wake. Fundi alipoweka laini yake ikaungana, nadhani kwa sababu naye yuko mtandao uleule wa mwenyewe wa kwanza. Ukaweka yako, ukawa unabisha hodi kwenye nyumba ya watu wengine. Zamani ile programu ya modemu ndiyo iliyokuwa ikibadilisha jina hilo kimyakimya. Umeiacha, sasa kazi hiyo ni yako.

Jina sahihi la APN usiliokote kwa kubahatisha. Chukua laini yako, iweke kwenye simu janja, ifungue mpaka intaneti ikubali, kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, sehemu ya APN, unakili neno ulilolikuta kama lilivyo. Au piga 100 uwaulize huduma kwa wateja. Kwa mitandao kadhaa huku neno lenyewe ni internet, lakini si yote. Ukiwa hapo kwenye simu, angalia pia kama laini ina namba ya siri inayoulizwa simu ikiwashwa. Kama ipo iondoe, maana muungano huu wa kupiga hauna sehemu ya kukuuliza.

Rudisha laini kwenye modemu. Fungua tena "Device Manager", "Modems", jina la modemu, safari hii nenda "Advanced". Kuna kisanduku kimeandikwa "Extra initialization commands". Andika humo, ukiweka neno la mtandao wako badala ya internet kama ni tofauti:

AT+CGDCONT=1,"IP","internet"

Bofya OK, chomoa modemu, hesabu mpaka kumi, ichomeke tena. Kila ukibofya "Connect", kompyuta itaiandikia kwanza modemu jina hilo ndipo iombe *99#. Sehemu za jina la mtumiaji na nywila ziache wazi. Mtandao unakutambua kwa laini, si kwa jina utakaloandika.

Hapa nikuonye, maana wengi wanaangukia hapa na kurudi kunilaumu. Mstari ule uuandike kwa mkono wako kwenye kibodi. Ukitumiwa kwa WhatsApp au ukiunakili kutoka Word, zile alama za kufungua na kufunga maneno zinageuzwa kuwa za mviringo, moja imeinama kushoto nyingine kulia. Kwa macho yako ni kitu kilekile. Modemu inazitaka zilizosimama wima tu, ikiona za mviringo inajibu ERROR na wewe hujui imejibu nini, unaona 628 ileile. Niliwahi kukaa na jamaa mmoja Tandika kuanzia saa kumi mpaka magharibi kwa ajili ya alama hizo mbili. Tulibadilisha laini, tukabadilisha waya, tukailaumu TANESCO. Mwishowe mtoto wake aliyekuwa amesimama nyuma yetu akauliza, "Mbona hizi zimepinda?"

Ukimaliza hayo na namba ya kosa ikabadilika, usikate tamaa, ni maendeleo. Kosa 633 maana yake kuna programu nyingine imeishikilia modemu, mara nyingi ile programu ya zamani uliyodhani haifunguki kumbe inajificha nyuma. Iondoe kabisa kwenye orodha ya programu, lakini kama inakuuliza kuhusu draiva, draiva ibaki. Kosa 692 huwa la kifaa: modemu imekaa vibaya, laini haijaingia sawasawa, au umeme haumtoshi.

Hilo la umeme si dogo kwenye kompyuta za mezani za zamani. Mlango wa USB wa kawaida unatakiwa utoe miliampia 500, na modemu ikiwa mbali na mnara inapaza sauti ili isikike, inavuta umeme mwingi kwa mikupuo. Milango ya mbele ya kasha mara nyingi imeunganishwa kwa waya mwembamba uliochoka. Chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama. Na ukishachagua mlango, usihamehame. Windows huwa inaihesabu modemu iliyohamishiwa mlango mwingine kama modemu mpya, inaipa namba nyingine, na mstari wako wa APN unabaki kwa ile ya kwanza. Weka hata kipande cha selotepu karibu na mlango huo, hapo dukani kwako selotepu si tatizo.

Tuje kwenye onyo jekundu la RITA. Watu wakiliona wanasema mtandao mbovu au tovuti imeibiwa. Kabla ya yote, tazama kona ya chini kulia ya kompyuta yako: tarehe inasemaje? Naweka dau kwamba si ya leo. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya mviringo kama sarafu, inaitwa CR2032, kazi yake ni kuiweka saa hai umeme ukizimwa. Kompyuta ikizeeka betri inakufa, na kwa umeme wetu unaokatika, kila ukirudi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Tovuti zenye kufuli, na karibu zote za serikali zina kufuli sasa, zinaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini ni 2009, inakiona cheti cha mwaka huu kama hati ya mtoto ambaye hajazaliwa, inakikataa. Intaneti nzima, tovuti nzima, kinachodanganya ni saa. Sahihisha tarehe kwa mkono leo, kisha nunua betri. Kuibadilisha ni kazi ya bisibisi moja na dakika tano, kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani.

Kama tarehe iko sawa na bado kurasa hazifunguki ingawa imeandika Connected, fungua dirisha jeusi la amri ("Command Prompt"), andika ping 8.8.8.8. Likija jibu, njia ipo na kinachokosekana ni kitabu cha majina ya tovuti. Ingia kwenye sifa ("Properties") za muungano huo, sehemu ya "Internet Protocol Version 4", weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kama DNS. Lisipokuja jibu, angalia bando. Na hapo angalia vizuri: MB za WhatsApp na mitandao ya kijamii hazifungui RITA wala Bodi ya Mikopo.

Sasa ile 2G. Ukishafanikiwa kuunganishwa ukabaki kwenye kijani, fomu zitafunguka lakini utachoka. 2G ikiwa katika hali nzuri inatoa kilobiti mia mbili hivi kwa sekunde, na mteja aliyesimama mbele yako na vyeti vya kupakia hatakuelewa. Swali ni kwa nini modemu ya 3G inaangukia 2G. Fremu nyingi zina bati juu, mlango wa chuma na nondo dirishani, na modemu iko nyuma ya kasha la kompyuta chini ya meza. Umeifunika mara nne. Nunua waya mzuri wa USB wa kurefushia, mita moja au moja na nusu, usizidi sana maana umeme unapungua njiani. Ifunge modemu juu, karibu na dirisha au upenyo wa mlango, uitazame taa. Sogeza kiganja kimoja, subiri kidogo, sogeza tena. Siku ikigeuka bluu, funga hapohapo kwa uzi. Jua la mchana lisiipige moja kwa moja, kifaa hicho chenyewe tu kinachemka kikifanya kazi.

Anayependa namba ziko. Kati ya zile amri za AT, AT+CSQ inarudisha tarakimu kati ya 0 na 31. Chini ya 10 unahangaika, 20 na kuendelea uko vizuri, 99 maana yake modemu haijui. Lakini kwa kazi ya dukani rangi ya taa inatosha.

Kama umezunguka na waya fremu nzima na taa bado kijani, huku simu yako ya 3G inashika vizuri palepale, basi huenda modemu yenyewe ilitengenezwa kwa masafa ya nchi nyingine. Modemu zilizotumika zinafika Kariakoo kutoka kila pembe ya dunia, na mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na masafa tofauti ndani. Hilo halina dawa. Mrudishie aliyekuuzia mapema, kabla hajakusahau sura.

Niliahidi kurudi kwenye bando. Windows ikiona intaneti inafurahi, inaanza kushusha maboresho yake bila kukuuliza, na GB 5 ni kifungua kinywa. Ingia kwenye mipangilio ya "Windows Update", simamisha maboresho, inakubali hadi siku 35 kwa mkupuo. Ingawa kwa Windows 10 habari yenyewe imebadilika: Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usisimamishe ukasahau ulinzi kabisa, antivirusi yako iachie ijisasishe. Kwenye sifa za muungano, sehemu ya "Options", kuna muda wa kukaa kimya kabla ya kukata. Weka dakika kumi. Na kwenye laini hiyo usiweke vocha ya akiba. Weka bando tu, likiisha liishe.

Je, ununue ruta? Nitakuwa mkweli, hata kama fundi wako hatapenda. Modemu ya 3G leo ni kifaa cha kusogezea siku. Marekani mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, Ujerumani waliizima 2021. Kwetu bado ipo, lakini uwekezaji wote umehamia juu yake. Ungeniuliza kabla hujanunua, ningekuambia tumia simu yako. Simu janja ya 4G ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji na kuwasha kugawa intaneti kwa USB, kompyuta isiyo na waifai inapata intaneti bila *99#, bila APN ya kuandika, na simu inachajiwa. Unaweza kuifanya leo hii mteja akiwa amesimama, huku modemu ukiishughulikia jioni. Udhaifu wake ni mmoja: ukienda Kariakoo kuchukua rimu za karatasi, intaneti ya duka inaondoka nawe kwenye daladala. Modemu inabaki na msaidizi wako.

Ruta ya 4G nakushauri ukishaona msimu umekulipa, na hasa ukiongeza kompyuta ya pili. Kuinunua sasa kwa sababu ya kosa 628 ni kuhama nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo. Ukiamua kununua modemu nyingine ya kuchomeka badala ya ruta, uliza kwanza ni ya aina gani. Mpya nyingi hazipigi *99# tena. Kompyuta inaziona kama kadi ya mtandao, mipangilio yake unaifungua kwenye kivinjari kwa anwani kama 192.168.8.1, na maelekezo yangu yote ya amri za AT hayatakufaa.

Kuna mambo ambayo hayaamuliwi kwa barua. Kama "Query Modem" haijibu kitu kwenye kompyuta yako na kwenye ya jirani pia, modemu imekufa, usimlipe mtu kuifufua. Kama inachemka mpaka haishikiki, au inanuka, ichomoe. Kama laini inakataa hata kwenye simu, piga *106# uangalie usajili wake, na ukiona kasoro nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA na vidole vyako, hilo halina njia ya mkato. Kwa kubadilisha betri ya saa kama unaogopa kufungua kasha, au kuondoa ile programu iliyong'ang'ania, mwite fundi, ila akae afanye mbele yako, na laini yako yenye usajili wa jina lako isiondoke naye.

Anza na APN na tarehe, jioni hii ukishafunga. Ukikwama niandikie mambo matatu: namba ya kosa, rangi ya taa na namna inavyokonyeza, na kile Query Modem ilichojibu kwenye mistari miwili ya kwanza.